Kuvuja Mkojo Kuna Tiba: Elewa Kwanza, Kisha Weka Sahihi

SOMO LA AFYA KWA WANAKISOMO

Somo letu la leo ni la akina mama. Lakini akina baba msifunge gazeti. Nanyi mna kazi yenu katika somo hili, kama mtakavyoona mbele.

Kuna ugonjwa ambao wanawake wengi wanao, lakini hausemwi. Mama akikohoa, mkojo unatoka. Akicheka, unatoka. Akiinua ndoo ya maji, unatoka. Akiinama kulima, kanga inalowa. Wala hakukusudia kukojoa.

Katika madarasa ya kisomo tumewaona akina mama wa namna hii. Mama anakaa karibu na mlango kila siku. Wengine wanadhani ni mvivu, anataka kutoroka. Kumbe anaogopa harufu. Baadaye haji tena darasani. Haendi mkutanoni. Haendi msikitini wala kanisani. Akialikwa harusini anasema ana homa. Nyumbani naye analala pembeni, asimguse mumewe.

Ukimwuliza, atakwambia, "Haya ni mambo ya uzazi tu. Ndivyo tulivyoumbwa." Mwingine atasema amerogwa. Atauza kuku, atauza mbuzi, ampe mganga.

Jamani, si uchawi. Wala si aibu. Ni ugonjwa kama mguu uliovunjika ulivyo ugonjwa. Unajulikana na una tiba. Wengine wanapona kwa mazoezi tu, bila kutoa senti. Wengine wanahitaji kupasuliwa. Leo tutajifunza mambo haya yote mawili, na hasa huo upasuaji. Maana kupasuliwa ni jambo kubwa, na mtu asikubali jambo kubwa asiloelewa.

1. MKOJO UNAKAA WAPI

Mkojo unatengenezwa na mafigo. Kisha unashuka mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama kiriba kidogo kilicho chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena. Kwa mtu mzima kinaweza kushika kama nusu lita hivi.

Kutoka kwenye kibofu kuna mrija wa kutolea mkojo nje. Mrija wa mwanamke ni mfupi. Urefu wake ni kama sentimita 4, yaani karibu upana wa vidole viwili. Wa mwanamume ni kama sentimita 20. Hii ni sababu moja ya wanawake kupata shida hii zaidi kuliko wanaume.

Sasa, kibofu na mrija havining'inii hewani. Vimelala juu ya misuli. Hebu fikiri kitanda cha kamba. Matendegu na mbao ni mifupa ya nyonga. Kamba zilizotandwa ni misuli. Juu ya kamba hizo ndipo vinapolala kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa.

Kamba zikiwa zimekaza, kitanda ni kizuri. Kamba zikilegea, anayelala anazama katikati.

2. KWA NINI MKOJO UNAVUJA

Chukua mpira wa kumwagilia maji. Ulaze juu ya sakafu ya saruji. Sasa ukanyage. Maji yanakoma, au sivyo? Halafu ulaze mpira huo huo juu ya tope. Ukanyage tena. Mpira unazama kwenye tope, na maji yanaendelea kupita.

Ndivyo ilivyo mwilini. Ukikohoa, tumbo linasukuma chini kwa nguvu. Nguvu hiyo inakanyaga kibofu, na inakanyaga mrija vilevile. Kama misuli ya chini ni imara, mrija unabanwa na kufungika. Hapo mkojo hautoki. Kama misuli imelegea, mrija unazama. Haufungiki, na mkojo unatoka.

Misuli hulegea kwa sababu hizi:

Kwanza, mimba na kuzaa kwa njia ya kawaida. Mtoto anapopita, misuli inavutwa sana, na mara nyingine inachanika.

Pili, umri. Mwanamke anapokoma hedhi, mwili unapunguza nguvu sehemu hizo.

Tatu, unene wa kupita kiasi. Uzito wa tumbo unakandamiza kibofu usiku na mchana.

Nne, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha kila siku, na kubeba mizigo mizito.

Mtaona kwamba hakuna hata sababu moja hapo ambayo ni tabia mbaya ya mama.

3. AINA TATU ZA KUVUJA: USIZICHANGANYE

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kuvuja si kwa namna moja. Kila aina ina tiba yake. Ukitumia tiba ya aina moja kwa aina nyingine, hutapona. Pengine utazidi kuumia.

(a) Kuvuja kwa msukumo. Mkojo unatoka pale tu unapokohoa, kucheka, kupiga chafya, kuruka au kuinua mzigo. Ukikaa kimya umetulia, unakuwa mkavu. Huu ndio ugonjwa wa kamba zilizolegea.

(b) Kuvuja kwa kubanwa. Unabanwa na mkojo ghafla, wala hukuinua kitu. Unakimbilia choo, lakini unajikojolea njiani. Usiku unaamka mara nyingi. Hapa kibofu chenyewe ndicho kinachojiminya ovyo. Tiba yake ni kukizoeza kibofu kusubiri, na mara nyingine dawa za kumeza. Upasuaji wa kukaza kamba hautibu aina hii. Unaweza hata kuiongeza.

(c) Kuvuja kwa tundu. Huu ni ugonjwa unaoitwa fistula. Mkojo unatiririka mchana na usiku, umekaa au umelala. Mara nyingi unaanza baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua siku mbili au tatu. Kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama kwenye mfupa. Damu haipiti, nyama inakufa, na tundu linabaki kati ya kibofu na uke.

Mama mwenye fistula asikae nyumbani hata siku moja zaidi. Tundu dogo likiwahiwa, linaweza kujifunga lenyewe mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Likichelewa, linashonwa hospitalini. Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kutibu wanawake wenye fistula bila malipo. Nchini Ethiopia, madaktari wawili, mtu na mkewe, Reginald na Catherine Hamlin, walifika mwaka 1959. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa. Maelfu ya wanawake wameponea hapo.

Lakini kuna jambo moja la kujua. Wapo wanawake walioshonwa fistula, tundu likaziba vizuri, lakini wakisimama na kutembea mkojo bado unatoka. Wengine hukata tamaa, wanadhani upasuaji umeharibika. Kumbe tundu limepona, na kilichobaki ni aina ya kwanza, kuvuja kwa msukumo. Mrija na misuli iliumia pamoja na kibofu. Mama huyo arudi hospitalini. Mwaka 2004 Daktari Andrew Browning, aliyefanya kazi Ethiopia, aliandika jinsi ya kutengeneza ukanda wa misuli chini ya mrija wakati uleule wa kushona fistula, ili kuzuia shida hiyo.

Kuanzia hapa tutazungumza juu ya aina ya kwanza, kuvuja kwa msukumo.

4. DAFTARI LA SIKU TATU

Utajuaje aina yako? Wewe unajua kuandika. Basi chukua daftari. Kwa siku tatu, kila mkojo unapovuja, andika. Mfano:

Jumatatu asubuhi: niliinua ndoo. Mkojo kidogo.
Jumatatu jioni: nilicheka. Matone.
Jumanne usiku: nilikohoa. Kanga ililowa.
Jumatano mchana: nilibanwa ghafla, sikuwahi choo. Mkojo mwingi.

Andika pia umekojoa mara ngapi kwa siku, na umekunywa maji vikombe vingapi. Halafu peleka daftari hilo zahanati. Daktari akilisoma ataelewa mengi. Wanawake wengi wana aina ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kama mama wa mfano huu. Ni lazima ijulikane ipi inamsumbua zaidi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Neema. Ana watoto watano. Amefika zahanati na daftari lake.

MAMA NEEMA: Shikamoo, mama nesi.
NESI: Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?
MAMA NEEMA: Nzuri. Ila nina shida ya ndani. Naona haya kuisema.
NESI: Ngoja nifunge mlango. Haya, sema. Hapa tuko wawili tu.
MAMA NEEMA: Nikikohoa tu, nalowa. Tangu nimzae huyu wa mwisho.
NESI: Pole sana. Na ukiwa umelala je?
MAMA NEEMA: Nikilala naamka mkavu.
NESI: Vizuri. Basi hiyo haifanani na fistula. Mkojo unachoma? Umeona damu?
MAMA NEEMA: Hapana.
NESI: Hata hivyo tutaupima. Inawezekana kuna maambukizo, au kichocho, au sukari. Hayo tunayatibu kwanza. Maji unakunywa?
MAMA NEEMA: Nimepunguza, mama. Kikombe kimoja kwa siku, ili nisilowe.
NESI: Usifanye hivyo, mwanangu. Mkojo mchache unakuwa mkali. Unachoma kibofu na kuzidisha shida. Kunywa maji kama kawaida.

Mmeona? Nesi hakucheka. Hakumtangaza. Yeye husikia maneno kama hayo mara nyingi. Kwa hiyo usiogope kusema.

5. MAZOEZI KWANZA

Kabla ya kuzungumzia kisu, tuzungumzie mazoezi. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Mpaka leo madaktari duniani kote wanayatumia.

Fanya hivi:

Jifanye unazuia upepo usitoke nyuma. Wakati huohuo jifanye unazuia mkojo. Utasikia misuli inajivuta kwenda juu, kwa ndani. Ndiyo hiyo. Usikaze tumbo, usikaze mapaja, wala usizuie pumzi.

Kaza, hesabu mpaka 5. Legeza, hesabu mpaka 5. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku.

Unaweza kufanya huku unasubiri maji ya ugali yachemke. Unaweza kufanya umekaa mkutanoni. Hakuna atakayekuona. Lakini usiyafanye mazoezi haya wakati unakojoa, maana kibofu hakitamaliza mkojo.

Jambo lingine: ukisikia kikohozi kinakuja, au kabla hujainua ndoo, kaza kwanza. Kisha ndiyo ukohoe au uinue.

Usitegemee kupona wiki ya kwanza. Misuli hujengeka polepole. Fanya kwa miezi 3 bila kuacha, ndipo useme yamekufaa au hayakukufaa. Wanawake wengi hupata nafuu kubwa, na wengine hukauka kabisa.

Pamoja na mazoezi, tibu kikohozi. Kama unavuta tumbaku, acha. Kula mboga na matunda ili choo kiwe laini. Kama una unene wa kupita kiasi, punguza uzito. Na gawanya mizigo: ndoo mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

6. UPASUAJI NI NINI

Sasa tuseme Mama Neema amefanya mazoezi kwa miezi 3 au zaidi. Amepata nafuu kidogo, lakini bado analowa shambani. Ugonjwa unamharibia maisha. Hapo ndipo upasuaji unapofikiriwa.

Upasuaji huu haufanyiki zahanati. Anahitajika daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake au wa njia ya mkojo, aliyejifunza kazi hii. Kwa hiyo mama huandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa.

Lengo la upasuaji ni lile la fundi wa kitanda: kuushikiza mrija usizame mtu anapokohoa. Zipo njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza: kushona na kuinua. Daktari Burch wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1961. Tumbo linapasuliwa chini, karibu na kinena. Daktari anashona nyama zilizo pembeni mwa shingo ya kibofu, anazivuta juu kidogo, na kuzifunga kwenye mshipa mgumu ulio nyuma ya mfupa wa kinena. Hakuna kitu kigeni kinachobaki mwilini ila nyuzi.

Njia ya pili: ukanda wa mwili wako mwenyewe. Daktari anakata kipande chembamba cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, au wa paja. Anakipitisha chini ya mrija kama ukanda wa kubebea mtoto. Ukanda huo unaushika mrija. Kwa kuwa ni nyama yako, mwili hauukatai.

Njia ya tatu: utepe wa wavu wa plastiki. Daktari Ulf Ulmsten wa mji wa Uppsala, Sweden, na wenzake waliitangaza mwaka 1996. Badala ya kukata nyama ya mama, wanapitisha utepe mwembamba wa plastiki chini ya mrija. Vidonda ni vidogo, kazi ni ya muda mfupi, na mama anaweza kurudi nyumbani mapema.

Ipo pia sindano ya dawa nzito inayonenepesha ukuta wa mrija ili ujifunge. Ni nyepesi, lakini nguvu yake huisha, na huenda mtu akahitaji kurudia.

7. KILA NJIA INA FAIDA NA HASARA

Asikudanganye mtu kwamba upasuaji ni kama kumeza aspirini. Tuone mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 655. Nusu yao walifanyiwa njia ya kwanza, ya kushona na kuinua. Nusu walifanyiwa njia ya pili, ya ukanda wa mwili. Baada ya miaka 2 walipimwa. Wenye ukanda, 66 kati ya 100 walikuwa wamepona kuvuja kwa msukumo. Walioshonwa, 49 kati ya 100. Basi ukanda ulishinda. Lakini wenye ukanda walipata zaidi maambukizo ya njia ya mkojo, na zaidi walipata shida ya kukojoa.

Kwa nini shida ya kukojoa? Rudi kwenye kitanda. Kamba ikilegea, unazama. Ikikazwa mno, kitanda kinapinda. Vivyo hivyo ukanda ukikazwa mno, mrija unabanwa na mkojo unakataa kutoka. Mama inabidi aingize mpira mwembamba kutoa mkojo, kwa siku chache au zaidi. Mara nyingine anarudi kupasuliwa ili ukanda ulegezwe.

Tena angalia hesabu hiyo vizuri. Hakuna njia iliyoponya wote 100.

Mfano wa pili ni wa Uingereza, na unahusu utepe wa plastiki. Wanawake wengi waliwekewa, na wengi uliwafaa. Lakini wengine uliwaumiza vibaya. Plastiki ilikata nyama na kutokeza ndani ya uke au kwenye kibofu. Walipata maumivu ya nyonga na miguu yasiyokwisha. Wengine walishindwa kulala na waume zao. Na utepe ukishashikana na nyama, kuutoa ni kazi ngumu kama kutoa mizizi ya mti ukutani.

Wanawake hao walilalamika kwa miaka mingi. Waliambiwa ni mawazo yao tu. Hawakunyamaza. Waliungana, wakaandika, wakaenda bungeni. Mwezi Julai 2018 kazi ya kuweka utepe huo ilisimamishwa nchini England, isipokuwa kwa sababu maalumu sana. Julai 2020 ilitolewa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Julia Cumberlege. Taarifa ilisema kwamba wanawake hawakusikilizwa. Ilisema pia kwamba wengi hawakuelezwa hatari kabla ya kukubali.

Katika nchi nyingine utepe huo bado unatumika, na wapo madaktari wanaouona ni mzuri ukiwekwa na mtu hodari. Hatusemi uukatae. Tunasema ujue ni nini unachowekewa.

8. FOMU YA RIDHAA: SOMA KABLA YA SAHIHI

Ndugu msomaji, hapa ndipo kiini cha somo letu.

Kabla ya kupasuliwa utapewa karatasi. Inaitwa fomu ya ridhaa. Maana yake ni kwamba umeelezwa na umekubali. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba tu, kwa sababu tulikuwa hatujui kusoma. Leo unajua. Wanawake wa Uingereza walijua kusoma tangu utotoni, na bado walipitwa, kwa sababu hawakuambiwa yote. Kwa hiyo kusoma peke yake hakutoshi. Soma, halafu uliza.

Kama fomu imeandikwa kwa lugha usiyoijua, omba usomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Si utovu wa adabu. Ni haki yako. Andika maswali haya kwenye daftari uende nayo:

(1) Daktari, ugonjwa wangu ni wa aina gani? Umehakikishaje?
(2) Je, kuna tiba nyingine ambayo sijaijaribu?
(3) Utatumia njia ipi? Utaacha kitu gani ndani ya mwili wangu?
(4) Ni hatari gani zinaweza kunipata?
(5) Nikishindwa kukojoa baadaye, mtanisaidiaje?
(6) Upasuaji huu umewahi kuufanya mara nyingi?
(7) Nitalazwa siku ngapi, na gharama zote ni kiasi gani?
(8) Isipofaulu, tutafanya nini?

Na swali moja wewe ulijibu mbele ya daktari: je, bado unataka kuzaa? Mimba na kuzaa vinaweza kulegeza tena kilichokazwa. Kwa hiyo madaktari wengi hushauri mama amalize uzazi kwanza, na kwa wakati huo aendelee na mazoezi. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari waziwazi.

Ukisikia majibu na bado una wasiwasi, sema, "Naomba nikafikiri." Kuvuja kwa msukumo hakuui. Nenda nyumbani, kaongee na mume wako, na dada yako, na mtu unayemwamini. Mwezi mmoja wa kufikiri hauharibu kitu. Sahihi ya haraka inaweza kuharibu.

Ukielewa ukakubali, basi weka sahihi yako kwa moyo mweupe.

9. BAADA YA KUPASULIWA: KAZI YA BABA

Siku ya upasuaji mama hupewa nusu kaputi, au sindano ya ganzi ya mgongo. Akiamka huwa na mpira wa mkojo kwa siku moja au chache. Mpira ukitolewa, manesi huangalia kama anakojoa vizuri.

Akirudi nyumbani, kidonda cha ndani bado ni kibichi. Kwa wiki 6 hivi asiinue kitu kizito. Maana yake ni hii: asibebe ndoo ya maji, asibebe kuni, asitwange, asilime, asimbebe mtoto mkubwa mgongoni. Wala asilale na mumewe mpaka daktari aruhusu.

Sasa akina baba, mmeiona kazi yenu? Nani atachota maji wiki 6? Nani atakata kuni? Mama akirudi kubeba ndoo wiki ya pili, nyuzi zinalegea, na fedha zote zimepotea. Baba asione aibu kushika ndoo. Majirani nao wasaidiane kwa zamu, kama tunavyosaidiana msibani. Panga mambo hayo kabla mama hajaenda hospitali. Chagua pia majira ambayo kazi za shamba si nyingi.

Mama arudi hospitali upesi akiona dalili hizi: homa, usaha au harufu mbaya, damu nyingi, maumivu yanayozidi, au mkojo kukataa kutoka.

Na kama mama bado hajapasuliwa, baba ana kazi nyingine. Asimcheke. Asimfukuze chumbani. Huyu alilegea misuli akikuzalia watoto wako. Mpe nauli aende zahanati.

MUHTASARI WA SOMO

Kuvuja mkojo ni ugonjwa, si uchawi.
Kuna aina tatu: kwa msukumo, kwa kubanwa, na kwa tundu.
Mwenye tundu aende hospitali mara moja.
Mwenye kuvuja kwa msukumo aanze na mazoezi kwa miezi 3.
Upasuaji upo, na unasaidia wengi, lakini si wote. Una hatari zake.
Soma, uliza, elewa. Ndipo uweke sahihi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kibofu: mfuko wa mkojo ulio ndani ya mwili.
Kinena: sehemu ya chini ya tumbo, juu ya siri.
Nyonga: mifupa ya kiuno inayoshika miguu.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.

MASWALI YA MAJADILIANO

Mkusanyike kikundi, mmoja asome somo kwa sauti, kisha mjadili. Akina mama wanaweza kukaa peke yao kwanza kama wanaona haya.

1. Mpira wa maji juu ya tope unatufundisha nini juu ya kuvuja mkojo?
2. Mama analowa usiku kucha akiwa amelala, tangu alipozaa mtoto aliyekufa. Ana aina gani? Afanye nini kesho asubuhi?
3. Kwa nini ni vibaya kupunguza kunywa maji?
4. Katika wale wanawake wa Marekani, njia ipi iliponya zaidi? Ilikuwa na hasara gani?
5. Wanawake wa Uingereza walinyimwa nini kabla ya kuwekewa utepe?
6. Katika kijiji chenu, mama akitoka kupasuliwa, nani atamchotea maji kwa wiki 6? Pangeni zamu.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika katika daftari lako maswali matatu ambayo wewe ungemwuliza daktari kabla ya kuweka sahihi. Yaandike kwa maneno yako mwenyewe. Kisha msomee mwenzako mmoja ambaye hajui kusoma, naye umweleze somo hili lote.